Waliovuka Mgunda Mkali, Wakaenda Kuitazama Uingereza

Abiria wa Reli ya Kati akitokea Dodoma huuvuka Mgunda Mkali kwa saa chache. Treni inapita Saranda, inakwea ukingo wa Bonde la Ufa, inasimama Manyoni, inasimama Itigi, na kutoka hapo vichaka vinafuatana dirishani mpaka mtu anasinzia. Wachuuzi wanakuja na kuku na asali, bei zinakatwa haraka haraka kabla honi haijalia, na safari ya Tabora inaendelea. Maji yamo kwenye chupa.

Mwaka 1857 mambo yalikuwa mengine. Richard Burton na John Speke walipopita hapa mwezi Oktoba wakielekea Tabora, waliingia katika pori ambalo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameshalipa jina na sifa: maji ya kubahatisha, miiba, jua, na mifupa ya watu na wanyama kandokando ya njia. Mashariki ya pori hilo kulikuwa na Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo yake ya vitambaa na shanga. Magharibi kulikuwa na Unyamwezi na chakula. Katikati palikuwa na vijiji vichache vya Wakimbu, waliokuwa wakifyeka mashamba karibu na Jiwe la Mkoa na kuiuzia nafaka misafara iliyofika na njaa. Sehemu kubwa ya nchi hiyo sasa imo kusini mwa Mkoa wa Singida.

Burton aliandika kitabu. Speke naye aliandika. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta daktari na mmisionari David Livingstone, aliandika kikauzika mno. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1873, akaandika chake. Hivyo wasomaji wa London waliujua Mgunda Mkali wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, miongo kadhaa kabla mji wa Manyoni haujapata stesheni.

Lakini njia ina pande mbili. Katika miaka hiyohiyo Waafrika wanne waliokuwa wameuvuka Mgunda Mkali kwa miguu walifika Uingereza: mtoto mmoja aliyeitwa Kalulu, kijana msomi aliyeitwa Jacob Wainwright, na marafiki wawili ambao majina yao hutajwa kwa pamoja hadi leo, Abdullah Susi na James Chuma. Safari ya hao wawili mwaka 1874 imezoeleka kusimuliwa kama zawadi, matembezi waliyotunukiwa watumishi waaminifu. Ukiifuatilia kwa karibu, utaona kwamba walikwenda kazini.

Hakuna aliyeweza kuwaita washamba. Susi alitoka Shupanga, kwenye Mto Zambezi, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, na mwaka 1863 aliajiriwa katika shughuli za meli ndogo ya Livingstone iliyoitwa Lady Nyassa. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861 alikuwa mtoto katika msururu wa watumwa waliofungwa pamoja wakipelekwa kuuzwa, ndipo Livingstone na wamisionari wa UMCA walipoukamata msururu huo na kuwafungua watu. Mwaka 1864 Livingstone aliitoa Lady Nyassa Zanzibar na kuipeleka mwenyewe hadi Bombay, siku 45 baharini, akiwa na vijana wa Zambezi kama mabaharia. Susi na Chuma walikuwamo. Bombay ilikuwa na reli tangu 1853, na bandari iliyojaa meli za moshi. Susi alifanya kazi bandarini. Chuma alipelekwa shule ya misheni na kubatizwa huko. Kwa hiyo miaka kumi kabla hawajaiona London, walikuwa wameshaishi katika mmoja wa miji mikubwa ya dola ya Kiingereza.

Mwaka 1866 walitua na Livingstone pwani ya kusini, Mikindani, wakaanza mwendo uliochukua miaka saba. Sifa ya uaminifu waliyopewa baadaye inaficha kwamba nao walikuwa watu wenye akili na hasira zao. Mwaka 1868, wakiwa kwa mtemi Kazembe, wengi wa wafuasi wa Livingstone walikataa kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu, na Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliogoma. Walikuwa wamechoka. Livingstone mwenyewe aliona wana haki ya kuchoka, akawapokea tena. Na Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871, mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza alikuwa Susi. Maneno maarufu ya Stanley kwa daktari yalikuja baadaye.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Kilichofuata kimeelezwa mara nyingi, ila hakichoshi. Watu wake waliutoa moyo na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa na chama cha misheni cha CMS huko Nasik nchini India, akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, kwa gome la mti, kisha kwa turubai. Halafu wakaanza kutembea. Pwani ilikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 1,500.

Mwezi Oktoba walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakamkuta Cameron na wenzake waliokuwa wametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri maiti izikwe hapohapo. Ushauri haukuwa wa kijinga: mbele kulikuwa na Mgunda Mkali na Ugogo, na watu wa njiani wasingekubali maiti ya mgeni ipite katika ardhi yao. Susi na Chuma walikataa. Cameron alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Wao walikuwa waajiriwa ambao mwajiri wao amekufa. Hata hivyo neno lao ndilo lililosimama.

Kasekera, mbele kidogo ya Tabora, ndipo ilipofanyika hila iliyoufikisha mwili pwani. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga yakawa na umbo la maiti, wakayavika nguo, na kikundi cha watu kikaondoka nayo hadharani kurudi Unyanyembe, upande wa Tabora, kana kwamba kinakwenda kuzika. Walipofika porini walitupa mabua moja moja, wakatawanya vitambaa, wakarejea kambini usiku mmoja mmoja kwa njia tofauti. Mwili wenyewe, kwa wakati huo, ulikuwa umefungwa upya ukawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya biashara. Mtumba ulilipiwa hongo kama mtumba.

Hivyo ndivyo Livingstone alivyopita katika nchi ya Singida, mwishoni mwa 1873 au mwanzoni mwa 1874, akiwa begani mwa wapagazi na akihesabiwa kuwa kitambaa. Msafara ulikuwa na wanawake pia. Halima, mpishi, alikuwamo. Ntaoeka, mke wa Chuma, alikuwamo. Kulikuwa na watoto. Katika mwendo huo kutoka Tabora, mtoto wa kike aliyeitwa Losi alikwenda na mtungi wake wa maji, nyoka mkubwa mweusi akamgonga pajani, akafa katika muda mfupi sana. Waarabu walisema nyoka huyo hushambulia wapita njia. Kifo cha Losi kimebaki katika kurasa za mwisho za shajara ya Livingstone, kimeingizwa pale kwa sababu Susi na Chuma walikikumbuka na kukisimulia. Bila hivyo kusingekuwako kingine cha kumtaja.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaulaza mwili kwa mapadri wa Roho Mtakatifu. Kaimu balozi wa Uingereza Zanzibar, Kapteni Prideaux, aliwalipa mishahara yao, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Wazo kwamba waliobeba mzigo huo kwa miezi tisa wangepaswa kuusindikiza mpaka mwisho halikumjia mwenye mamlaka yoyote. Ni CMS tu waliomlipia nauli Wainwright, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wao.

Basi tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, kati ya wanaume wanane waliosindikiza jeneza Mwafrika alikuwa mmoja tu, Jacob Wainwright. Wengine walikuwa akina Stanley, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mchungaji Horace Waller, tajiri William Webb na tajiri James Young. Kalulu naye alihudhuria. Stanley alikuwa amepewa mtoto huyo Tabora mwaka 1871, zawadi kutoka kwa mfanyabiashara wa Kiarabu, akamchukua Ulaya na Marekani na kumweka shule huko Wandsworth, London. Wakazi wa London walikuwa wameshamzoea: sanamu yake ya nta ilisimama kando ya ile ya Stanley katika jumba la Madame Tussaud. Mtoto aliyevuka Ugogo kwa miguu amegeuka kivutio cha utalii, watu wanakata tiketi kumtazama.

Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika baada ya maziko, na nauli yao ililipwa na James Young.

Young anastahili mistari michache, maana msomaji wa vijijini Singida aliyekua kabla ya umeme na sola amesoma kwa bidhaa yake. Mwaka 1850 mkemia huyo wa Glasgow alipata hataza ya kutengeneza mafuta ya taa kutokana na makaa ya mawe, na baadaye akayakamua kutoka katika miamba ya Skotlandi. Alitajirika mno, watu wakambandika jina la utani la Parafini. Alikuwa rafiki wa Livingstone tangu wakiwa wanafunzi Glasgow, akamfadhili safari, na sasa akaona aibu kwamba waliomleta rafiki yake wameachwa Zanzibar. Susi na Chuma waliiona Uingereza kwa fedha za mafuta ya taa.

London ya 1874 ilikuwa na treni ya chini ya ardhi tangu 1863, ilikuwa na taa za gesi mitaani na moshi uliotia weusi hadi kuta za makanisa. Walikwenda Westminster Abbey kulitazama kaburi. Walifika mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, ambacho kiliamua kufua nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni. Nishani zilipofika Zanzibar, wengi waliostahili kuzivaa walikuwa wamekwisha kutawanyika, wamejiunga na misafara mingine. Wapagazi hawakai mahali pamoja kusubiri posta.

Sehemu kubwa ya muda wao, hata hivyo, haikuwa London. Walikaa Twywell, kijiji kidogo cha Northamptonshire, nyumbani kwa mchungaji Waller, ambaye waliwahi kufahamiana naye kwenye Zambezi na Shire tangu enzi za kwanza za UMCA. Waller alikuwa amekabidhiwa madaftari ya Livingstone ayageuze kuwa kitabu. Madaftari yalikuwa balaa. Mengine yaliandikwa kwa wino wa kujitengenezea juu ya magazeti ya zamani, daktari alipoishiwa karatasi; majina ya mito na watemi yalikuwa mamia; na sura ya mwisho, tangu Aprili 1873 hadi Bagamoyo, ilikuwa haipo kwa sababu mwandishi alikuwa amekufa.

Susi na Chuma ndio waliokuwa sura hiyo. Kwa miezi minne Waller aliwaketisha na kuwahoji: mto huu unaelekea wapi, kijiji hiki cha nani, daktari alilala upande gani wa kibanda usiku ule. Walijenga hata mfano wa kibanda alichofia, kwa fito na nyasi za Kiingereza, ili wenyeji wao waelewe. Siku moja Waller alikwama kwenye swali la maji yanayogawanyika kwenda huku na huku. Susi alitoka, na baada ya saa chache akarudi na ramani ya mito yote ya eneo lile aliyoichora mwenyewe. Waller akailinganisha na ramani ya Livingstone, zikaafikiana. Katika utangulizi wa kitabu alikiri kwamba watu hawa ni wanajiografia wa kweli. Kitabu kilitoka London Desemba 1874, juzuu mbili, kwa jina la Livingstone kama mwandishi na Waller kama mhariri.

Leo tungewaita nini? Watafiti wenza, pengine. Chumba cha Waller kilikuwa na watu watatu waliokuwa wakitengeneza kitabu, na jalada lilipata nafasi ya mmoja aliye hai na mmoja aliye marehemu.

Walipelekwa pia Newstead Abbey, karibu na Nottingham, nyumba kubwa ya mawe iliyowahi kuwa ya mshairi Lord Byron. Mwenye nyumba sasa alikuwa Webb, mwindaji wa simba aliyefahamiana na Livingstone Afrika Kusini. Daktari alikaa hapo miezi kadhaa kati ya 1864 na 1865 akiandika kitabu chake cha Zambezi. Ipo picha iliyopigwa huko mwaka 1874. Waller yumo, watoto wa Livingstone wamo, na Susi na Chuma wamo, wamevaa suti nzito za Kizungu, na madaftari na ramani ziko mezani. Ni picha ya matembezi ambayo hata ndani yake kazi haikuachwa.

Wainwright naye hakupumzika. CMS walimzungusha kwenye mikutano ya makanisa asimulie na michango ikusanywe. Tofauti yake ni kwamba aliandika. Shajara yake ya safari ya kuutoa mwili Chitambo, aliyoiandika kwa Kiingereza, ilichapishwa kwanza kwa tafsiri ya Kijerumani mwaka huohuo wa 1874, na mswada wenyewe umehifadhiwa Blantyre, Skotlandi, mahali alipozaliwa Livingstone. Susi na Chuma hawakuacha kitabu cha namna hiyo. Tunajua walivyoonekana na Waingereza. Jinsi wao walivyowaona Waingereza ilikwenda nao kaburini, na hasara hiyo ni yetu.

Hasara hiyo inapimwa vizuri zaidi ukitazama wengine walioandika. Mwaka uliofuata, Juni 1875, Sultani Barghash wa Zanzibar alikwenda Uingereza kwa mwaliko wa serikali, Kirk akiwa pamoja naye. Alionyeshwa London na Windsor, akapelekwa Brighton, Birmingham, Manchester na Liverpool: viwanda, hospitali, bandari. Mtu wa msafara wake, Zahir bin Said, aliweka kumbukumbu ya ziara yote, na ikachapishwa kwa Kiarabu mwaka 1878. Ni miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Barghash alazimishwe, Juni 1873, kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar, soko lililolishwa pia na njia inayopita Mgunda Mkali. Mwenyeji na mgeni walijua hivyo vizuri, na ukarimu wa London haukuwa wa bure.

Mwaka 1902 ikawa zamu ya marafiki wawili kutoka Buganda. Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, alialikwa kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akamchukua Ham Mukasa awe katibu wake. Walivuka ziwa, wakapanda reli mpya ya Uganda iliyokuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, wakateremka Mombasa na kupanda meli. Bahati mbaya ya mfalme ikawa bahati yao: sherehe zilizopangwa tarehe 26 Juni ziliahirishwa hadi 9 Agosti kwa sababu mfalme alifanyiwa upasuaji wa ghafla, nao wakapata majuma mengi ya kutazama mji. Mukasa aliandika kila kitu kwa Kiganda, na tafsiri ya mchungaji Ernest Millar ikatoka mwaka 1904. Ukiisoma unapata kile ambacho Waller hakuwahi kumuuliza Susi: Mwafrika anaitazama London, anashangaa penye kushangaza, anacheka penye kuchekesha, anahoji gharama.

Hata kwa Kiswahili njia ilikuwako. Salim bin Abakari, Mkomoro, alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zikachapishwa Göttingen mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten ulioitwa Safari za Wasuaheli. Kwa hiyo tusiseme wakati wao ulikuwa bado. Velten alipata jambo ambalo Waller hakulitafuta: alimwomba msafiri aeleze safari yake mwenyewe.

Susi na Chuma walifunga mizigo kurudi Zanzibar, na mwishoni mwa 1874 Stanley akaondoka Bagamoyo kwa safari yake kubwa ya pili. Kalulu alikuwa naye, ametolewa shule. Safari hii hawakufuata Mgunda Mkali. Kutoka Ugogo walikata kaskazini, wakaingia Ituru, nchi ya Wanyaturu, yaani moyoni mwa Singida ya leo. Njaa na homa ziliwapiga. Tarehe 17 Januari 1875, mahali Stanley alipopaita Chiwyu, alifariki kwa homa Edward Pocock, kijana wa Kent aliyekuja na kaka yake Francis kama mabaharia wa msafara. Wapagazi walimzika hapo. Kwa kiwango hicho hesabu ya njia ilikuwa sawa: Uingereza ilimpokea mtu aliyebebwa kutoka Afrika, na Ituru ikampokea kijana kutoka mto wa Kent, bila nishani na bila Abbey.

Siku chache baadaye, Vinyata, pakazuka mapigano. Kaif Halek, mbeba barua ambaye miaka michache nyuma alikuwa amepewa mzigo wa barua za Livingstone, aliuawa nyuma ya msafara kabla hata vita haijaanza. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20, akaamuru vijiji vichomwe, akachukua nafaka na mifugo. Maelezo yaliyochapishwa ni yake. Hapa pia aliyekuwa na kalamu ndiye aliyeamua nani mchokozi.

Kalulu alipita katika vita hiyo akiwa ameshaona London, Paris na New York, na bado hajafikia utu uzima. Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya Mto Kongo, akazama. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina lake.

Chuma alirudi kwenye kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote wa zama zake, kuongoza misafara. Aliwapeleka UMCA katika nchi ya Wayao. Mwaka 1879 aliajiriwa na msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia chini ya Keith Johnston. Kiongozi huyo alipofariki Behobeho, uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, na Chuma ndiye aliyeuweka msafara pamoja kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Walirudi kupitia Tabora mwaka 1880, na hivyo Chuma akauvuka Mgunda Mkali tena, safari hii bila mtumba wa siri. Alifariki Zanzibar mwaka 1882 kwa kifua kikuu. Susi alikwenda Kongo na Stanley, akarejea Zanzibar, akabatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafa Mei 1891. Wainwright alirudi bara; alifariki Urambo mwaka 1892, na pengine kufika huko naye alipitia tena njia yetu.

Jiwe la kaburi la Westminster linasema marehemu aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa, majina hayakutajwa. Watalii maelfu hulikanyaga kila mwaka, Watanzania wakiwamo, maana liko katikati ya sakafu na njia inapita juu yake.

Upande wetu, njia ya kati ya biashara ya pembe na watumwa iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde iko Manyoni, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, pale misafara ilipopumua baada ya kupanda kutoka Ugogo na kabla ya kuingia porini. Ni kituo pekee cha Mkoa wa Singida katika orodha hiyo. Kwa yeyote atakayepewa kazi ya kuwaeleza wageni habari za Kilimatinde, iwe ofisa utamaduni, mwalimu wa historia au kijana anayejifunza kuongoza watalii: asianze na Burton wala Stanley, wana vitabu vya kutosha. Aanze na Susi, Chuma, Wainwright na Kalulu, na asimsahau Losi.